Usije Kuusikia Wimbo

Lucky Summer, Nairobi
Jumanne jioni

Baba mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi: tangu Jumamosi namwomba Mungu basi la Nairobi likuache, usije kama ulivyopanga. Nitakueleza sababu, lakini kwanza, mguu unaendeleaje? Bado unatembelea mkongojo? Mimi ni mzima na masomo yanaenda vizuri. Shangazi pia ni mzima, ila vumbi linamkohoza.

Baba, wimbo wako hautaimbwa siku ya kufungua kanisa jipya.

Mwalimu wa kwaya alisema solfa za do-re-mi ulizotuma ni nzuri, ila mpiga kinanda anataka noti za mistari mitano, zilizochapishwa. Ofisi ya kanisa ina kompyuta yenye programu ya kuandikia muziki, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyekisoma kitabu chake cha maelezo, nilipewa kazi hiyo na ufunguo wa ofisi. Nilikuwa nikienda baada ya shule.

Unajua ulivyojaza vistari kwenye solfa zako, pale sauti zote nne zinaposhikilia mpaka watu wa mwisho kwenye msafara waingie kanisani. Kwenye kompyuta, sauti inayovuka mstari wa kipimo kimoja kwenda kingine huandikwa kwa noti mbili, kisha unaziunganisha kwa tao dogo ili zisikike kama moja. Bila tao, ya pili inagongwa upya. Na sauti zikiwa nne pamoja, lazima uunganishe kila moja. Ukiunganisha ya soprano tu, zile tatu za chini zinagonga tena. Mimi niliingiza noti zote kwanza, nikaacha matao yawe ya mwisho, kama fundi anayekata vitambaa vyote kabla ya kushona.

Jumamosi Mwalimu akawaita wanakwaya ofisini wachague kati ya wimbo wako na wake. Nikamwambia, "Mwalimu, bado sijaunganisha."

"Wimbo ni wimbo, Ruth," akasema, akabonyeza.

Wimbo uligonga kama mtu mlangoni, Baba. Ko, ko, ko, ko. Mwanamume mmoja wa sauti ya tenori akaita, "Karibu, hakujafungwa!" Wakacheka. Mwenzake akauliza, "Ruth, budako hutunga ama hupigilia mabati?" Hata yule mama wa alto anayeniwekea chapati alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Mwalimu akaurudisha mwanzo, akaupiga tena. Unanijua, mbele ya watu wengi naogopa. Ukapigwa wimbo wake, wakanyoosha mikono. Wako haukupata hata mkono mmoja. Hata wangu sikuuinua.

Walipotoka nilimsihi asubiri kidogo niunganishe, ausikie vizuri.

"Nilijua matao hayapo," akasema. "Unadhani mimi sijui muziki? Wimbo wa babako unaushinda wangu. Lakini siku hiyo askofu atauliza nani ametunga, na mimi nimeifundisha kwaya hii tangu hujazaliwa." Kisha akanipa karatasi zake. "Jumatatu uje uniingizie huu. Wewe una mkono mzuri."

Nimekuandikia maneno yake yote kwa sababu ulinifundisha nisikuonee huruma.

Msalimie Mama, umwambie sweta alilonifumia bado linanitosha. Msalimie mdogo wangu wa darasa la kwanza. Na Kukhu, mama yako, mwambie tu kwamba siku ya wimbo imeahirishwa. Habari ya mabati usimwambie.

Jana nilikwenda ofisini nikamrudishia Mwalimu karatasi zake. Nikasema, "Sitaandika." Akaniuliza kama najua ninazungumza na nani. Nikasema ndiyo. Akataka ufunguo, nikampa. Nikatembea hadi nyumbani, nikamwambia Shangazi asikutandikie kitanda. Akauliza kwa nini. Nikamwomba stempu ya barua hii.

Mwanao,
Ruth