Ule Wimbo Niliompa Mhariri

Okello wangu,

Wajinga bado wapo, usidhani uliondoka nao. Siku hizi hapa Eldoret kila jarida lina kichwa cha habari kilichochotwa kwenye wimbo wa roki. Bei ya mahindi ikishuka Moi's Bridge, wimbo. Mheshimiwa akioa bibi wa pili, wimbo. Juzi nimeona habari ya ng'ombe wenye minyoo imepewa mstari wa mapenzi! Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Na hao wanaoandika wana digrii, Okello. Digrii! Mimi darasa la saba nilimaliza, la nane nikawaachia wenye haraka, lakini nyimbo za wazungu wenye nywele ndefu nazijua kuliko mama zao. Kampala nimefika mara mbili. Nani atanifundisha gitaa?

Wanasema wanakuiga wewe. Wapi! Wewe ulikuwa juu kwenye ofisi ya jarida ukitunga vichwa vya habari, mimi chini kwenye kibanda changu cha kaseti. Unashuka ngazi, penseli sikioni: "Wafula, cheza huo wimbo wote." Wote! Chai inapoa, wateja wanangoja, wewe umeinamia spika kama daktari. Hukuazima hata neno moja kabla wimbo haujaisha. Unakumbuka ile habari ya harusi ya mwalimu wa Turbo? Mhariri wako alishapenda jina la wimbo, tamu kama asali. Tukasikiliza mpaka mwisho, kumbe jamaa anaimba akiwa kaburini kwa mkewe. Ukanigeukia: "Buda, tulikuwa tunamzika bibi harusi wa watu." Nilimwaga chai yote kwenye redio.

Sasa nikwambie kitu ambacho nimekificha.

Ya kwako unayajua. Matokeo ya kura yalitangazwa, mji ukageuka, watu wenu wa kutoka ziwani wakatafutwa nyumba kwa nyumba. Ulishatoka salama. Ukarudi kumtoa yule mama jirani kwenye moto. Yeye alitoka. Waliokumaliza walikuwa wanakuita kwa jina. Hao leo siwaandiki, nitachafua karatasi.

Mji ulipotulia kidogo, Mhariri akaja kibandani. "Wafula, wewe ndiye bingwa. Nipe wimbo wenye moto ndani yake." Bingwa! Unanijua nikiitwa bingwa. Sikuuliza ni wa habari gani. Sikuweka kaseti. Nilimtupia jina papo hapo, kifua mbele, nikajiona profesa.

Jarida likatoka. Picha ya mtaa wetu, mabati yamejikunja, nyumba yako ya tatu kutoka kushoto, na juu yake kwa herufi nyekundu: "Moto Umewaka, Njooni Tucheze."

Nilimtukana Mhariri mtaa mzima. Sasa anakaa Elgon View kwa matajiri, ana mbwa anayekula vizuri kuliko mimi, na bado namtukana. Mjinga kabisa yule. Siku ile watu walinipigia makofi, wakaninunulia soda. Hakuna aliyejua kwamba lile jina lilitoka kinywani mwangu. Nilizinywa zile soda, Okello. Zote.

Jarida likafika mpaka kwa mama yako kule ziwani. Binamu yako alimsomea. Mama akauliza, "Hao wanaoitwa wakacheze ni akina nani?" Binamu akaniletea mimi hilo swali, mimi rafiki yako wa damu, nami nikajibu, "Muulizeni Mhariri."

Basi wiki iliyopita Mhariri amenipigia simu. Wanataka ukurasa wa kukukumbuka, picha yako katikati. "Bingwa, nitafutie wimbo mzuri wa kuweka juu." Nikamwambia, "Mzee, safari hii hakuna wimbo. Andika jina lake. Chini yake andika kwamba alikufa akimtoa jirani kwenye moto." Akasema haina mvuto. Nikamwambia huo mvuto ampikie mbwa wake. Akakata simu. Baada ya dakika kumi akapiga tena, akauliza jina lako la pili. Miaka yote uliyomfanyia kazi, Okello, hakulijua! Nikamtajia herufi kwa herufi, polepole, kama anayemfundisha mtoto wa nasari.

Ukurasa umetoka. Juu hakuna wimbo, ni jina lako tu, limekaa vizuri.

Jumamosi naupeleka mwenyewe kwa mama, pamoja na sukari na majani ya chai. Simtumi binamu. Nitakaa chini mbele yake nimwambie: Mama, ule wimbo niliutoa mimi, na sikuusikiliza. Akitaka kunifukuza, mlango anao.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi kitu ambacho tangu tujuane hujaniona nikikifanya hata mara moja: nitakapokuwa mbele ya mama yako, sitamchekesha.

Wafula