H Yenye Mkia

Tarehe 4 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, bado inavimba? Mimi mzima, tena nimenenepa. Tangu simu yako itumbukie kwenye beseni la shuka, sina pa kumwaga furaha yangu ila kwenye karatasi, na dereva wa lori la maziwa ameahidi kukufikishia.

Mama, sijui nianzie wapi kukusimulia mume wangu. Akirudi kazini na tingatinga lake, nalisikia kabla sijaliona, na moyo unanidunda kama msichana wa kidato cha pili. Juzi kanionyesha mahali atakaponijengea nyumba: kile kinamasi cha huku juu, unapoanzia mto huohuo unaopita hapo kwako. Ni matope na matete tu, na vyura wanaopiga kelele kama wamelipwa. Atachimba mtaro, maji yatoke, pakauke.

Fomu ya maombi ya ardhi nimeijaza mimi, maana mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye majivu. Walipouliza matumizi ya sasa ya eneo, nikaandika "Hakuna", kwa ile H yangu yenye mkia. Alivyoutazama mwandiko wangu, niliona haya nikaangalia pembeni. Kibali hakijatoka, ila mtaro ameshauanza. Anasema hawezi kungoja.

Mwanao,
Bibi Harusi


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inanibeba. Kunenepa kwako kumenifurahisha. Mkwe wangu msalimie.

Nina swali. Huko juu mvua imenyesha? Hapa jua ni kali, lakini mto umebadilika rangi tangu Jumanne. Shuka za wodi ya wazazi naziloweka nyeupe, nazitoa rangi ya chai ya maziwa. Nimesuuza mara tatu. Mkunga mkuu alizikunjua, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Miaka kumi na sita nafulia zahanati ile, hajawahi kunitazama hivyo. Na tanki lao linavuta maji ya mto huohuo. Nijibu upesi.

Mama yako


Tarehe 25 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na kazi. Mvua haijanyesha. Labda ni sabuni, siku hizi wanauza sabuni za ajabu. Nilimsomea mume wangu barua yako, akasema mto una watu wengi, huenda kuna mtu anachimba mchanga huko katikati.

Kisha akanibeba mgongoni mpaka kwenye kiwanja chetu. Mtaro umekamilika, Mama. Pale nilipokuwa nazama hadi magotini, nimekimbia peku na nyayo zikabaki safi. Vyura wamenyamaza. Palikuwa kimya hata nikausikia moyo wake. Amesema chumba cha kwanza kitakuwa chako.

Mwanao,
Bibi Harusi


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi si mzima sana, na safari hii si miguu.

Sabuni ni ileile. Matope yalipopungua, maji nayo yakapungua. Jiwe ninalofulia huwa linafunikwa. Leo nimelikalia na gauni halikulowa. Zahanati wanawaambia ndugu wa wajawazito waje na madumu. Juzi mkunga alinawa kwa kikombe kimoja, akaingia kuzalisha.

Jana wamebandika ubaoni maombi ya ardhi ya huko juu, mwenye pingamizi aseme kabla ya tarehe ishirini. Watu walijaa wakimlaani aliyeandika "Hakuna". Mimi sikuhitaji kutafuta jina. H hiyo nilikushika mkono ukijifunza kuiandika, nyuma ya boksi la sabuni. Nikanyamaza kama mtu asiye na mtoto.

Kesho kutwa naenda kuweka pingamizi. Nimeona ulisikie kutoka kwangu.

Mama yako


Tarehe 17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha niliufuata mtaro wetu kwa miguu mpaka unapoingia mtoni. Matope yamekauka kwenye kingo zote mbili, rangi ya shuka zako. Nisamehe lile neno la sabuni.

Nilimweleza mume wangu akiwa anakula. Nilidhani atanivuta kifuani kama kawaida yake. Akaweka kijiko chini.

"Wewe ni mke wangu au wakili wa mto?"

Nikamwambia, "Ni mke wako. Ndiyo maana nimeanza na wewe, sijaanza na ofisi."

Karani wa ardhi anasema kilichoandikwa hakifutwi. Kuna fomu ya marekebisho, ila lazima mwombaji mwenyewe atie saini. Nimeijaza, nimeiweka mezani na kalamu juu yake. Leo siku ya tatu. Anaisogeza pembeni, anaweka sahani, anakula, anaondoka. Hatusemezani. Nampenda mpaka kifua kinauma, na asiposaini, sijui nitaingiaje katika nyumba hiyo.

Mwanao


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba ya barua ambayo hukuandika. Kila asubuhi nimelisimamisha lori la maziwa, na dereva anatikisa kichwa tu. Nilishaanza kukutandikia kitanda chako cha zamani.

Leo nimeitwa ofisini kuhusu pingamizi langu. Karani alinisomea marekebisho, nikamwomba anipe niyaone kwa macho yangu. "Hapa ndipo yanapoanzia maji ya wodi ya wazazi." H ina mkia wake uleule.

Chini yake kuku amepita kwenye majivu. Tulisaidiana watu watatu kusoma: "Na mama mkwe wangu anafulia maji haya. Mtaro nimeanza kuufukia. Nyumba tutajenga kwingine." Na saini.

Nimepitia mtoni. Maji bado ni chai, ila jiwe langu limelowa ukingoni. Mwambie mkwe wangu aniandikie yeye sasa. Mwandiko wake nimeshauzoea.

Mama yenu