Kitufe cha Kijani Nimekitengeneza Mwenyewe

Nyakatuntu, Kyerwa
Alhamisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje? Na mama, ule mguu umepungua uvimbe? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na shamba aliloniachia marehemu mume wangu halijaota magugu. Naanza na hilo kwa sababu najua umeambiwa mengine.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu. Jana jirani yangu mzee Kamugisha alinipa ujumbe wako: Jumapili kaka Projesti anakuja kunichukua nirudi Muleba, maana mwanamke aliyeshindwa hata kupokea simu wiki nzima hawezi kukaa peke yake. Baba, sirudi. Sasa nisikilize.

Ni kweli simu ilitumbukia kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Na ni kweli nilikuwa ndani ya mtumbwi, nakanyaga. Najua kwetu kukanyaga ni kazi ya wanaume. Mwanamke analeta majani na maji, basi. Lakini wanaume niliokuwa nawaita walikuwa wanamaliza nusu ya juisi kabla haijachacha ikawa pombe, rubisi yenyewe, halafu wanauliza chakula kiko wapi. Safari hii nikanawa miguu, nikafunga kanga, nikaingia. Simu nikaisahau kwenye pindo la kanga. Chubwi! Mzee Kamugisha alikuwa anapita na baiskeli, akacheka mpaka akashuka.

“Yee, Ma Adelina! Umeona? Mtumbwi umekukataa!”

Ndiye aliyekupa habari, si ndiyo?

Simu yenyewe haikufa. Kila ulipopiga iliita, jina lako naliona, lakini kitufe cha kijani kilikuwa kimeganda kwa sukari ya ndizi, na vile vya pembeni yake vilevile. Nabonyeza mpaka kucha inauma. Ikikatika, nalia kwa hasira. Fundi wa pale senta hata hakuifungua. “Hii tupa, mama,” akasema, macho yakiwa kwenye simu ya mtu mwingine. Nikamwambia anirudishie.

Nikagonga spoku ya baiskeli juu ya jiwe mpaka ncha ikabapa, nikapata bisibisi. Nikatoa betri, nikafungua skrubu, nikainua ule mpira wa vitufe. Chini yake kuna vibati vya duara, vidogo kama punje za dengu, kila kitufe na chake. Nikavisafisha kwa pamba na spiriti. Vyote vikaamka isipokuwa cha kijani. Kibati chake kilikuwa kimepasuka. Nikabandua cha mshale wa juu, ambao sijawahi kujua kazi yake, nikakihamishia pale na kukibana kwa selotepu. Mara ya kwanza nilikiweka vibaya, simu ikawa inajibonyeza yenyewe nikiwa nimeiacha uani. Ile simu ya Jumanne uliyosikia kuku tu ndiyo hiyo. Hakuna aliyenivamia, Baba. Nikaifungua tena, nikakipanga upya.

Jana mzee Kamugisha alipoaga nikampigia palepale, hajavuka hata migomba yangu.

“Nani?”

“Ni mimi, mzee. Simu ya kwenye mtumbwi.”

Akageuka, akaitazama simu yake. Na rubisi ya mtumbwi huohuo imetoka nzuri; yeye ndiye wa kwanza kuleta kibuyu.

Sikufichi, Baba: nimeumia. Umemwamini jirani kuliko binti yako uliyemlea mwenyewe. Nilimzika mume wangu hapa, na kahawa tuliyopanda naye ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Siiachi kwa sababu ya kitufe, wala kwa sababu ya kicheko cha mtu. Ukitaka kujua hali yangu, nipigie mimi. Napokea.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho. Msalimie mama, mwambie dawa asiruke. Msalimie shangazi wa kwaya, na mdogo wangu wa mwisho aliyeanza ushonaji. Kaka Projesti usimzuie, aje tu Jumapili. Ila asije na gari la kubebea vyombo. Aje na nguo za kazi, kuna ndizi nyingine zimeiva, na mtumbwi unatosha watu wawili.

Binti yako asiyehama,
Adelina