Nani Anawapa Habari za Mkono Wangu

Consuelo, mwishoni mwa Januari

Dada yangu mpendwa Yocasta,

Nakuamkia kwa heshima na kukuomba baraka, kama ulivyotuzoesha tangu mama alipotutoka ukashika nafasi yake. Baridi ya New York inasemaje? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Na wale wapwa zangu, bado wanakataa maharage? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mke wangu Marileidy hajambo. Mtoto ameota meno na anamuuma kila anayembeba. Baba goti linamsumbua mvua ikinyesha, ila mdomo wake haujaugua hata siku moja.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu iko sebuleni kwa baba, na msimu huu nimejifunza kutosema jambo karibu na mlango wowote. Hii nampa Ysabel, binti wa fundi cherehani, anayerudi huko baada ya sikukuu. Bahasha nimeitia gundi nyingi. Ukikuta imefunguliwa, usimuulize kitu, niambie mimi.

Ulisikia kwamba nilianza ligi ya besiboli vizuri. Mkono ulikuwa mwepesi, na yule bwana wa Mexico anayetafuta warushaji alikuwa amenitumia ujumbe kwamba ananitazama. Kwa umri wangu, dada, huyo alikuwa mlango wa mwisho. Wamarekani wameshaniacha, na nisipopata timu nyingine ni kurudi kiwandani kupakia sukari.

Basi ghafla, Novemba, kila tulipokutana na wapinzani wetu wakuu, wapigaji wao wakaanza kunitandikia mipira. Hakuna mrushaji asiyepigwa, hilo silalamikii. Lakini hawa walinipiga kama watu walioambiwa. Mpira wangu wa kupinda, ambao umenilisha tangu ujana kwa kuwadanganya watu wapige hewa, waliuacha upite bila kutikisa gongo. Nikirusha wa kasi, wanaungoja pale pale. Mmoja wao, alipokwisha kunipiga vizuri na kusimama kituo cha kwanza, alinicheka waziwazi akasema, "Eudy, leo tupikie kitu kingine, mzee. Hicho tumeshakionja jikoni."

Jikoni! Neno hilo halikunitoka kichwani. Mpira ninaorusha tunaujua watu wawili tu kabla haujatoka mkononi: mimi, na mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji akinionyesha kwa vidole niurushe upi. Na mdakaji wangu ni Nelfi. Nelfi aliyemsimamia mwanangu ubatizo.

Nikaanza kumtazama. Nikakumbuka kwamba mkewe kwao ni kule kwa wapinzani hao. Nikaona ana pikipiki mpya. Kisha siku moja, nikipita nyuma ya uwanja, nikamkuta amesimama na Bolívar, kocha wa wapinzani hao, wanaongea kwa sauti ya chini. Waliponiona, Nelfi akaanza kufunga kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Nilibadilisha ishara. Tukapigwa. Nikaamua ishara nitoe mimi badala yake. Tukapigwa. Nikamwomba meneja anipe mdakaji mwingine, naye akanipa kijana mmoja mpole. Tukapigwa, nami nikajiambia kijana kafundishwa na Nelfi. Chakula alichotuletea mke wa Nelfi nilikimwaga nyuma ya nyumba, na Marileidy akaniuliza kama nimerogwa. Naye nikamtazama, nikajiuliza kwa nini anamtetea.

Baba peke yake ndiye aliyenielewa. Unajua haachi mchezo wangu hata mmoja. Huketi nyuma kabisa ya mdakaji, kofia ya kiwanda kichwani. Alikuwa akinisindikiza nyumbani akiniambia nisimwamini mtu, kwamba katika kazi hii hata kivuli chako kinaweza kukuuza.

Basi nikayasema. Mbele ya timu nzima, tukibadilisha nguo, nilimwita Nelfi msaliti na kumuuliza Bolívar anamlipa nini. Hakunipiga, ingawa nilitaka anipige. Alivua kinga za miguu polepole akasema, "Nimekudaka tangu glavu zetu zikiwa maboksi ya maziwa. Nitukane kwa magoti yangu yaliyokwisha, Eudy, hayo ni kweli. Hilo lingine lifute mdomoni." Akaondoka na begi lake, na kwenye basi la kurudi Consuelo wenzangu wakahama viti vya karibu nami.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumchukua baba kule dukani kwa Tontón wanakocheza dhumna. Televisheni ilikuwa inarudia mchezo wangu. Nilisimama nje kwenye friji la barafu, kwa sababu nilisikia sauti ya baba, naye amenipa mgongo.

"Kupinda," alisema, nami kwenye televisheni nikarusha wa kupinda. "Wa kasi." Nikarusha wa kasi. "Huu wa taratibu, atamdanganya." Kila mara kabla sijarusha, dada, na hakukosea hata mmoja. Watu walipiga meza kwa furaha. Mmoja akamuuliza, "Mzee, wewe ni mchawi?" Baba akacheka. "Mchawi wa nini? Nimemzaa! Akitaka kupinda, bega la kushoto linashuka kidogo, kama mtu anayewashwa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, nilipokuwa nairushia timu ya kiwanda. Damu hiyo."

Aliyeketi mbele yake, mwenza wake wa dhumna, amevaa kandambili na anatafuna karanga, alikuwa Bolívar. Alimmiminia baba ramu akasema, "Endelea, mwalimu."

Sikuingia. Nilirudi kwa njia ya nyuma. Nilitaka kuamini ni majigambo ya mzee tu. Lakini hakuna mtu Consuelo asiyemjua Bolívar, na baba anamjua tangu akiwa mtoto. Na ni baba aliyekuwa akiniambia nisimwamini mtu.

Kesho yake nilikwenda kwa Nelfi. Mkewe alinifungulia, akaniona, akafunga. Nelfi akatoka akasema, "Sema ukiwa hapo hapo barabarani, majirani nao wafaidi." Nikasema yote, na majirani wakafaidi. Ndipo akanieleza kwamba siku ile alikuwa akimwomba Bolívar kazi ya kufundisha watoto, maana daktari amemwambia magoti hayatamaliza mwaka mwingine. Aliona aibu mimi nijue. Pikipiki ni ya shemeji yake. Akaniingiza ndani kwa kahawa, akanuna mpaka ikaisha, halafu akachukua glavu yake tukaenda uwanja wa shule.

Hatukulizuia bega lisishuke. Nelfi alisema liache lishuke, ila lishuke ninaporusha wa kasi. Tulifanya hivyo mpaka mkono ukakubali. Kisha tukakutana na timu ya Bolívar, Nelfi akinidaka, nami nikashusha bega, na wapigaji wake wakasimama kama magogo wakingoja wa kupinda, wa kasi ukiwapita kifuani. Bolívar alitupa kofia chini. Yule wa Mexico ananichukua, dada. Naondoka Machi.

Katikati ya mchezo ule nilimsikia baba nyuma ya wavu akisema "kupinda", nikarusha wa kasi. Akasema tena, akakosea tena. Baadaye sikumsikia kabisa.

Sasa nakuambia lililonifanya nikuandikie. Jana asubuhi mimi na baba tulikuwa wawili tu mezani, naye hakugusa ndizi zake. Akaniambia bila mimi kumuuliza, "Nilijua Bolívar ananisikiliza kwa nini. Wiki ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua." Nikamuuliza kwa nini hakunyamaza. Akasema, "Tangu niache kurusha hakuna mtu aliyeniita mwalimu. Nilidhani wewe una nguvu za kutosha, utawashinda tu." Alilia, Yocasta. Mara ya mwisho nilimwona hivyo ni kwenye maziko ya mama.

Nilimshika bega, nikamwambia yameisha. Akajifuta, akachukua mpira wa mtoto uliokuwa mezani, akaniwekea kiganjani. Akasema taratibu, "Nionyeshe basi, mwanangu. Unawafichaje sasa?"

Niliuficha mkono nyuma ya kiti. Nikamwambia mkono umechoka, nikamwongezea kahawa.

Usimuulize neno juu ya haya ukipiga simu. Muulize goti. Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na Marileidy anasema picha za ubatizo zinakuja. Nelfi pia anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni na anauliza ninaandika nini kirefu hivi.

Mdogo wako akupendaye,
Eudy