Kilima Ambacho Hukunionyesha

Mama, wewe uliyenioa,

Nimekaa mlangoni kwako, mwanao Mwita amelala mgongoni, mkubwa wake Bhoke yuko shuleni. Usishangae mwandiko. Unajua niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu kina Kikurya kingi ndani yake. Lakini haya nikiyasema kwa mdomo hapa Ringwani watasema nimechanganyikiwa, mwanamke anaongea na marehemu. Nikiyaandika, wenye kusoma na wasome.

Naogopa, Mama. Tangu ututoke sijalala usingizi wa kuitwa usingizi.

Watu wa mbali wakisikia kwamba nimeolewa na mwanamke mwenzangu, wanacheka au wanashika mdomo. Sisi tunajua ilivyo. Mume wako alikufa, hukujaliwa mtoto, ng'ombe ulikuwa nao. Ukaja kwetu Kerende ukamtolea baba yangu mahari, ili nizae na mwanamume, watoto wawe wa nyumba yako. Nyumba ntobhu, ndivyo wazee wanavyoiita. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimekaa nyumbani miaka tangu nimalize shule, sina mbele wala nyuma. Jirani yetu wa hapa, Mama Chacha, alikuwa hachoki kunitania kisimani. "Wankuru, mume wako leo kavaa gauni gani?" Siku moja ukamsikia. "La maua," ukamjibu. "Na wako kavaa nini? Mbona tangu juzi hajaonekana kwake?" Mama Chacha alicheka mpaka akamwaga maji.

Kwetu Kerende nilizoea kelele. Mashine za mgodini, magari ya mawe, watu wanaogombana mpaka asubuhi. Hapa kwako nilikuta ukimya na nyasi zisizo na mwisho, na kabla sijazoea hata kitanda, tembo wakaingia kwenye mahindi. Watu wanapiga madebe, wanawasha tochi, mimi niko chini ya kitanda. Hukunicheka. Jumamosi yake ukavaa raba zako, ukachukua mwavuli, ukasema, "Vaa viatu. Twende tukaone."

"Tukaone nini, Mama?"

"Sijui. Tukifika tutaona."

Ndivyo tulivyoanza. Jumamosi kwa Jumamosi, shamba likiruhusu. Unakumbuka kule kwenye chemchemi ya maji ya moto? Ulifunga yai kwenye kitambaa ukalitumbukiza, tukakaa kulisubiri kama watu wenye akili. Ulipolipasua lilikuwa bichi katikati. Ukalila hivyohivyo, ukasema safari haipotezi chakula. Unakumbuka Mto Mara, ulivyonishika nguo kwa nyuma kama mtoto nisisogee ukingoni, viboko wanapiga miayo mbele yetu? Na lile jiwe kule juu ambalo ukiligonga linalia kama sufuria ya shaba, ukaligonga wewe, nikaligonga mimi, tukashindwa kuondoka. Siku ya mnada Mugumu tulisimama kando ya barabara tukatazama magari ya watalii yanavyopita, kofia zimejaa madirishani. Ukaniambia, "Hawa wamepanda ndege kuja kuona kilichoko nyuma ya jiko letu. Na sisi tuko jikoni."

Pole pole nikaacha kuingia chini ya kitanda. Nilidhani wewe ndiye dawa. Ulikuwa unatembea mbele, mwavuli begani, hutazami nyuma. Nilisema moyoni, huyu mama hakuna anachokiogopa.

Halafu ukaugua. Ukalazwa Mugumu, ukarudi umefunikwa.

Sasa nikuambie yaliyotupata. Mwaka huu tembo wamezidi. Kamba za pilipili na oili chafu tuliweka, madebe tulipiga. Usiku mmoja wakavunja ghala na sisi tumo ndani ya nyumba, ukuta unatikisika. Toka siku hiyo Bhoke akaacha kula vizuri, akaanza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa wa shule. Shuleni akakataa kabisa kwa sababu njia inapita kando ya mahindi. Nilikuwa namkumbatia namwambia hakuna kitu, mwanangu, hakuna kitu. Siku moja akaweka sikio kifuani kwangu akasema, "Mama, mbona moyo wako unapiga kelele?"

Nikajua hofu yake ameitoa kwangu.

Mzee Magige, shemeji yako, akaja. Unamjua, hapigi kelele. Nikampa kiti, nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, akamtazama Bhoke kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa amebaki shingo na macho.

"Mke wa Nyangi," akasema, kwa jina lako, "wewe ni mtu wa Kerende. Huku kumekushinda, si aibu. Rudi kwenu ukapumzike. Watoto watakaa kwangu."

"Baba, huyu bado ananyonya."

"Atakunywa maziwa ya ng'ombe. Sote tuliyanywa. Hawa ni watoto wa ng'ombe za mahari ya Nyangi, huwezi kuondoka nao."

Sikuweza kumchukia, Mama. Angekuwa mtu mbaya ningepata nguvu ya kugombana. Lakini alikuwa anamwona mtoto anayekonda, na ni kweli alikuwa anakonda. Nikamwambia anipe muda. Akasema atanipa, ila atakuwa anatazama.

Ndipo nikakumbuka Jumamosi zetu. Nilianza karibu karibu, mimi na Bhoke na Mwita mgongoni: mpaka kisimani kwa njia ya nyuma, mpaka kwenye lile jiwe linalolia. Bhoke alikuwa ananishika mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Lakini alitembea. Kikabaki kile kilima ulichokuwa unakioneshea kidole ukiwa shambani, kile chenye mwamba kichwani, upande wetu kabla hujafika mpaka wa hifadhi. "Pale tutakwenda mvua zikikatika," ulisema. Mvua zilikatika, wewe ukiwa wodini.

Maneno hapa yana miguu. Mzee Magige akanikuta dukani. "Nasikia unawazungusha watoto porini. Mnyama akiwagusa, nawachukua siku hiyohiyo. Sitauliza."

Nikaitika, "Ndiyo, baba." Nikarudi nyumbani nikakaa. Nikiacha kwenda, mtoto ataendelea kukonda na nitanyang'anywa. Nikienda, jambo dogo tu likitokea, nitanyang'anywa. Mama, nilizungusha hilo kichwani mpaka ugali ukaungua.

Jumamosi iliyopita tulikwenda.

Chini ya kilima kuna boma moja tu. Tulikuta mama mmoja mtu mzima anachunga mbuzi zake, kajifunga kanga kiunoni, fimbo ndefu. Nikamwamkia, nikamwambia tunataka kupanda tukaone. Hakushangaa. Alichota vumbi akaliachia hewani, likaenda upande wa kwetu. "Tembo wako bondeni ng'ambo," akasema. "Upepo unatoka kwao, hawatasikia harufu yenu. Pandeni mkae juu ya mwamba, msishuke mpaka niwaite."

Tulipofika juu, Mama, nisikufiche, nilisahau kuogopa. Ulikuwa unakijua kilima kile? Unaiona nchi inalala mpaka inakutana na mbingu. Mabati ya kwetu yanawaka upande huu, na upande ule nyasi, miti midogo midogo, na mbali sana madoa meusi yanayotembea, nyumbu labda. Bhoke akauachia mkono wangu mwenyewe.

Halafu vichaka vya chini vikasogea.

Walitoka kimya. Nilikuwa nadhani mnyama mkubwa hivyo lazima asikike, kumbe hata jani halilii. Wakaja mpaka chini ya mwamba wetu, wakaanza kuvunja matawi. Ningeweza kuwarushia kijiti. Bhoke aliganda. Nikamkalisha nyuma ya magoti yangu, nikaweka kiganja mdomoni mwake, nikahisi meno yake yanagongana. Nikaanza kuhesabu njia za kukimbilia, hakuna hata moja. Nilichokiona mbele ya macho yangu si tembo. Nilimwona Mzee Magige amesimama na kamba, kama mtu anayekuja kuchukua ndama.

Na Mwita akaamka.

Nilimsikia anavuta pumzi, ile pumzi ya kabla ya kilio. Sijui nilimzungushaje kutoka mgongoni, sijui kanga ilifunguka vipi. Nikamtia ziwa mdomoni. Akalikataa. Tembo mmoja akainua mkonga, akausimamisha hewani, akawa anauzungusha taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nikasema ndani kwa ndani, Mama, kama uko mahali, sasa. Mwita akalishika. Akanyonya kwa hasira, ananifinya, na mimi machozi yanadondokea kichwani mwake wala sisogei.

Tulikaa hivyo. Kisha nikahisi Bhoke anasukuma mkono wangu kutoka mdomoni mwake. Nilidhani atapiga kelele. Akanong'ona, "Mama, na yule ananyonya."

Nikatazama. Katoto kamejificha chini ya mama yake, kamekunja kamkonga kake juu, kananyonya. Lakini si nyuma kama ndama. Mbele, kifuani, katikati ya miguu ya mbele.

"Kumbe maziwa yao yako huku," Bhoke akasema, akagusa kifua changu. "Kama yako."

Hakutetemeka tena. Alinyoosha shingo ili aone vizuri. Mimi ndiye niliyebaki natetemeka, mpaka wakapita, mpaka yule mama wa mbuzi akatuita.

Alitupatia uji. Akaniuliza natokea boma la nani, nikasema kwa Nyangi. Akaweka kibuyu chini.

"Wewe ndiye mke wake?"

"Ndiye mimi."

Akacheka, akapiga paja. "Basi mume wako alinisumbua! Kila Ijumaa naona mtu anakuja peke yake, vumbi mpaka magotini. Ananiuliza njia ya kule maji ya moto, wapi pana kivuko, tembo wamelala wapi. Akikaa hapa ulipokaa, mwavuli unamtikisika mkononi. Nikamwambia, dada, si ubaki kwako? Tangu uolewe unajua shamba na kisima na mnada, yanatosha. Akasema, hapana, kesho nina mgeni, asije akaona kwamba sijui."

Mama.

"Hata kilima hiki aliwahi kukiulizia," akaendelea. "Nikamwelekeza vizuri kabisa. Akasema atakuja na wewe. Sikumwona tena."

Nilirudi nyumbani sioni njia. Kumbe ulipokuwa hutazami nyuma, ulikuwa unanificha uso. Kumbe Jumamosi yangu moja ilikuwa siku mbili kwako, na ya kwanza uliitembea peke yako, unaogopa kama mimi. Ningejua ningekubeba. Sikujua, na wewe ndivyo ulivyotaka.

Jumapili jioni Mzee Magige alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshasikia, kila mtu alikuwa ameshasikia. Hakukaa.

"Nilikuambia nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Bhoke akatoka nyuma yangu. "Shikamoo babu. Babu, unajua tembo ananyonyesha wapi?"

"Marahaba. Ananyonyesha nyuma, kama ng'ombe. Kaa pembeni, naongea na mama yako."

"Siyo nyuma. Ni huku mbele, kama mama."

"Nani kakudanganya?"

"Nimeona."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini nilikuwa naona."

Mzee akaegemea nguzo ya mlango. Amezaliwa hapa, amezeeka hapa, amewafukuza tembo kwa mikuki na madebe maisha yake yote. Hilo hakuwahi kuliona. Nikamwambia, "Baba, Jumatatu atakwenda shule." Nilisema tu, bila kumuuliza mtoto. Na amekwenda. Amekwenda peke yake, anageuka nyuma kila hatua, nami nimesimama kwenye ua nimekunja ngumi. Amekwenda na leo pia. Kitandani bado kunalowa. Sikufichi.

Lakini yule mzee hakufuta neno lake. Alipofika kwenye mlango wa ua alisimama, akasema bila kugeuka, "Jumamosi nakuja. Mtanipeleka mahali. Nitaona mwenyewe unavyowatunza, na nikiona siyo, tutarudi nao kwangu moja kwa moja."

Ndiyo maana nakuandikia, Mama. Kilimani siwezi kurudi, nyayo za tembo za Jumamosi bado mbichi. Yule mama wa mbuzi amenitajia bwawa upande wa pili, ndege weupe wanalala hapo wengi mpaka mti unainama. Sijawahi kufika. Sijui kivuko kiko wapi, sijui tembo wanapita saa ngapi. Na nyuma yangu atakuwa anatembea mtu aliyekuja kutafuta kosa moja tu.

Kwa hiyo kesho Ijumaa, Bhoke akiwa shuleni, nitamwachia Mama Chacha mtoto, nami nitakwenda kuulizia njia. Peke yangu. Nitatetemeka kwenda na kurudi, nitakaa kwenye uji wa yule mama mpaka miguu ikubali. Jumamosi nitatangulia mbele, na hakuna atakayeuona uso wangu.

Lala salama huko uliko, mume wangu, mama yangu. Watoto wako wanakusalimu.

Ni mimi, mke uliyemtoa Kerende,
Wankuru