Mvua Ndani ya Karakana

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Bado unakunywa chai umesimama, kama mtu anayefukuzwa? Mimi mzima, ila nakohoa vumbi la mbao, na kosa ni la Fundi.

Fundi ni seremala. Jumamosi jioni anafagia maranda, anasukuma meza zake ukutani, na karakana inakuwa ukumbi wetu. Hakuna kipaza sauti. Ni mimi na gitaa, rafiki yangu wa filimbi, na watu wamekaa juu ya mbao ambazo kesho yake zitakuwa vitanda vya wateja. Juu ya karakana analala mama yake Fundi, mgonjwa, kwa hiyo makofi ni marufuku. Watu wakipenda wimbo wanasugua viganja. Usicheke. Chumba kizima kikisugua viganja, utadhani mvua inanyesha juu ya bati.

Barua hii anakuletea Shangazi, kwa sababu wewe na simu nawajua. Tangu upate hiyo kazi ya kusikiliza rekodi za watu na kuchapa waliyosema, hata kuniambia umelalaje unaogopa.

Jumamosi hii njoo. Nina wimbo mpya, wa Mama. Kiitikio kinataka sauti nzito, na yako ndiyo ile Mama aliyosema ni kopo tupu linaloburutwa barabarani. Kopo hilo nalitaka.

Ni mimi,
Dada yako

*

Jumapili, tarehe 9 Februari

Mpendwa Dada,

Salamu kwako, natumaini kikohozi kimepungua. Mimi sijambo kwa mwili.

Nilikuja, uliniona. Nilikaa nyuma, karibu na msumeno mkubwa uliofunikwa turubai. Nyimbo za mwanzo zilinifurahisha hata nikasahau kujibana. Ule wa kuku wa jirani ulimfanya mama mmoja mbele yangu acheke mpaka akaomba ashikwe. Nikasugua viganja na wenzangu, na kweli ilikuwa mvua.

Kisha ukapunguza sauti, ukaimba wa Mama.

*Nilikuja na chakula cha mama,*
*nikakuta kufuli nje ya mlango.*
*Msimamizi ana ufunguo mkononi,*
*anangoja simu ya mwenye kiwanda.*

Dada, miaka yote hii nimeamini walichotuambia watu wa serikali baada ya moto: kwamba mlango wa kiwanda ulikuwa wazi, na washonaji walikanyagana wenyewe. Nilikiamini hata nikamkasirikia Mama kwa kutokimbia haraka. Kumbe ulikuwepo. Kumbe uliliona kufuli kwa macho yako. Kwa nini nilisikia pamoja na wageni, nimekaa juu ya mbao za watu?

Watu hawakungoja wimbo uishe. Walianza kusugua viganja katikati ya ubeti, na wewe ukaendelea kuimba ndani ya ile mvua. Kiitikio ni neno moja tu, "Fungua", na lilinitoka kabla sijajizuia.

Sasa nisikilize. Kulikuwa na jamaa wa koti la kaki karibu yangu. Joto lote lile, koti. Chumba kizima kilisugua viganja isipokuwa yeye. Mkono mmoja haukutoka mfukoni. Mwenye kiwanda ni mtu mzito, unajua anakula na nani. Nakuomba kwa jina la Mama, wimbo huo usiuimbe tena.

Mimi,
Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Umelala? Maana nakujua. Mimi kikohozi kimenirudia, lakini sauti ipo.

Una haki ya kunikasirikia. Mwanzo sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mitihani, na Mama asingenisamehe kama ungefeli. Ulipofaulu, ukapata kazi kwa watu walewale waliotuambia mlango ulikuwa wazi. Nikajiuliza, nimpe mzigo huu aende nao mezani kwake kila asubuhi? Nikaona bora niubebe mimi. Basi nikaubeba mpaka ukawa wimbo, na wimbo haukai mfukoni.

Nilibisha hodi kwenye ule mlango, mdogo wangu. Wa ndani walinijibu. Nilimsikia Mama akiwatuliza wengine, kwa sauti ileile aliyotutuliza nayo umeme ukikatika. Msimamizi akaniambia, "Binti, subiri, sijapewa ruhusa." Bakuli la chakula lilikuwa bado la moto mkononi mwangu.

Unaniomba ninyamaze kwa jina la Mama. Kwa jina hilohilo, Jumamosi naimba tena.

Jamaa wa koti la kaki nilimwona. Fundi anasema labda ana homa.

Halafu, kopo langu, uliimba! Nilikusikia mpaka kule mbele.

Dada

*

Jumatano, tarehe 19 Februari

Dada,

Hujambo? Nijibu hilo kwanza, hata kwa neno moja.

Rekodi imefika mezani kwangu. Si ya Jumamosi iliyopita, ni ya siku niliyokuwepo. Nilivaa hedifoni nikidhani ni kikao cha wafanyabiashara, nikasikia gitaa lako. Nikasikia mtu anakohoa karibu kabisa na mkono wa yule jamaa. Nilikuwa mimi.

Hapa kazi ina kanuni zake. Kila anayesikika unampa namba: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mahali usiposikia vizuri unaandika "hayasikiki" na sababu yake, kwa mfano gari limepita. Mimi ndiye makini kuliko wote hapa. Wenzangu hunitania kwamba nachapa hata chafya. Kwa hiyo nikiandika "hayasikiki", hakuna anayebisha.

Nilichapa nyimbo zote, pamoja na ule wa kuku. Nilipofika kwenye ubeti wa kufuli, masikio yangu yalisikia kila neno chini ya vile viganja. Vidole viligoma. Nikaandika: "Sauti ya kwanza, maneno hayasikiki. Mvua kubwa." Nikapeleka kwa mkuu wetu huku shati limenigandia mgongoni.

Nadhani nimekufunika. Lakini ondoka hapo, nenda kwa Shangazi leo hii. Na umwambie Fundi afunge karakana.

Mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 24 Februari

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Shangazi amenirudishia barua yangu haijafunguliwa. Anasema alibisha hodi chumbani kwako mpaka jirani akatoka. Walikuja Jumanne alfajiri. Siku ile nachapa uongo wangu, walikuwa wameshakuchukua tangu jana yake. Gitaa wamelichukua pia. Mlango wako una kufuli jipya, nje.

Shangazi alisema hivyo tu, "Una kufuli nje," akakaa chini barazani kwa jirani bila kukaribishwa.

Sasa nakuandikia nisijue pa kupeleka. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 27 Februari

Mpendwa Dada,

Shangazi amekuona huko mahabusu. Anasema umekonda, ila umemuuliza kama nakula nikiwa nimekaa. Leo nimekula nimekaa.

Kuingia na karatasi hawamruhusu, kwa hiyo barua hii ataikariri. Akiongeza chumvi yake utaijua.

Jana mkuu wetu aliniita. Tunamwita Mzee Taratibu kwa kuwa hajawahi kupaza sauti. Aliweka kurasa zangu mezani, akanisogezea kiti.

"Kijana, hii mvua ilinyesha wapi?"

Nikakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mabomba ya mji mzima yamekauka. Mke wangu ananunua maji kwa madumu. Wewe mwenzetu mvua ya Februari umeipata wapi?"

Nikasema nilisikia kama mchirizi wa maji, nikadhani.

"Ni sawa, masikio huchoka." Akatabasamu, Dada, kama baba. "Na kwa kuwa wewe husikii, na wewe ndiye mwenye masikio kuliko wote, mimi nitakusaidia kusikia. Pale penye mvua andika: *Twendeni usiku tukachome nyumba yake.* Halafu weka sahihi. Kesho saa nne inaenda kwa hakimu."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Hukuwahi kuimba neno la kuchoma. Mimi ndiye niliyekuachia tundu katikati ya wimbo, wao wanatia humo wanachotaka, na mkono wa kutia sahihi ni wangu. Rekodi yenyewe ameifungia kwenye kabati lake. Kwa maneno yale utazeeka ndani.

Nilijifungia chooni mpaka saa za kazi zikaisha. Nakuambia ili usidhani nimekuwa shujaa.

Usiku nimechapa upya, kwa taratibu za kazi yangu. Mvua nimeifuta, nimeandika "viganja vya wasikilizaji". Chini yake nimeandika ubeti wote, kufuli, ufunguo na simu, kama ulivyoimba. Kisha kiitikio: "Sauti ya pili, ya kiume: Fungua." Kanuni inasema sauti ikijulikana, mwenyewe atajwe. Nimejitaja, jina langu na la Mama. Nimeandika kuwa nilikuwepo karibu na msumeno, nikasikia kwa masikio haya, na nitaapa.

Kurasa hizo sitampa Mzee Taratibu. Leo nitasimama mlangoni kwa hakimu kabla ya saa nne, nimkabidhi mkononi. Huenda asizisome. Huenda nisifike hata kwenye ngazi. Shangazi anayo nakala ndani ya kitambaa chake cha kichwa, na Fundi nyingine.

Chumba changu sikukifunga. Ufunguo nimempa Shangazi, kufuli nimelitupa.

Kama watatuweka jengo moja, nitakohoa. Nawe ukinisikia, usiite jina langu. Sugua viganja.

Sauti ya pili,
Mdogo wako