Friza Linakula Uniti

Tengeru, 4 Agosti 2024

Mwanangu Ebenezer,

Hujambo huko Doha? Mimi mzima, ni magoti tu na baridi hii ya Meru. Namba za umeme ulizonitumia nimeingiza, Mungu akubariki. Lakini baba, uniti hazikai! Wiki mbili tu, mita ya luku inaanza kulia. Wewe ndiye fundi umeme wa nyumba hii, niambie nani anazila. Naishi peke yangu.

Mama yako

Doha, 6 Agosti

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Mimi mzima, joto tu. Huyo mlaji tutamkamata. Toa balbu za zamani, weka za LED. Nguo zipige pasi siku moja kwa wiki, zote kwa pamoja. Birika la umeme lipumzike. Chemsha maji kwa gesi, ujaze chupa ya chai. TV chomoa kabisa. Halafu nipe ripoti.

Mwanao, Ebe

Tengeru, 1 Septemba

Marahaba mwanangu,

U mzima? Nimefanya yote. Jirani yetu Rachel ananicheka, anasema karibu nitazima na taa za kwake. Jumapili nimeenda ibadani na gauni lenye makunyanzi kwa sababu siku ya pasi ilikuwa bado. Uniti ni zile zile. Je, Disemba watakupa likizo?

Mama yako

Doha, 3 Septemba

Shikamoo mama,

Hilo gauni limenichekesha sana. Mlaji nimemjua: ni lile friza la marehemu baba, la soda za dukani. Duka tulishafunga, na mpira wa mlango umechoka, kwa hiyo linanguruma kutwa. Mtu mmoja unagandisha nini? Lizime. Ya Disemba bosi hajasema.

Ebe

Tengeru, 29 Septemba

Marahaba mwanangu,

Samahani nimekawia. Nililizima siku ile ile.

Uliuliza nagandisha nini. Ni nyama yako. Unakumbuka Krismasi tukichinja mbuzi, baba yako alivyokuwa akisema fungu la asiyekuwepo haliliwi, linamngoja mwenyewe. La mwaka juzi lilishabadilika rangi, nikampa mbwa. La mwaka jana nimelipika nikala na Rachel, sikuwa na la kufanya. Nilikula huku nalia kama mtoto.

Ni kweli, uniti sasa zinakaa. Wewe ni fundi mzuri. Ila nina hamu na wewe, Ebe, mpaka naumwa.

Mama yako

Doha, 30 Septemba

Shikamoo mama,

Nimekusoma nikiwa kazini, nikashindwa kupanda ngazi. Nisamehe. Bosi alishasema wiki mbili zilizopita: Disemba hii tena hakuna likizo. Sikujua nikuandikieje.

Jumamosi fundi Gadiel atakuja kubadilisha mpira wa mlango. Namba za umeme nimekutumia, za kutosha mpaka mwaka mpya. Washa friza, mama. Mkichinja, niwekee.

Mwanao, Ebe